Mitungi ya Samli na Jani la Pua: Hekaya na Sayansi katika India ya Kale

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni,

Nimeombwa nizungumzie dai linalosikika mara kwa mara, kwamba hekaya za Wahindu wa kale ni kumbukumbu ya sayansi ya hali ya juu iliyokuwapo kisha ikapotea. Nitaanza na hekaya yenyewe, kwa sababu wengi wanaoitetea, na wengi wanaoicheka, hawajawahi kuisoma.

Katika Mahabharata, utenzi ambao kwa mapokeo huhesabiwa kuwa na beti laki moja (na hilo neno letu “laki” asili yake ni huko huko India), malkia Gandhari anakaa na mimba miaka miwili bila kujifungua. Anaposikia kwamba Kunti, mke wa shemeji yake, amekwisha kupata mtoto, anajipiga tumbo kwa uchungu, na kinachotoka ni pande la nyama, gumu kama chuma. Mzee Vyasa, mwenye hekima, anaagiza iletwe mitungi iliyojaa samli. Pande lile linanyunyiziwa maji baridi, linagawanyika vipande 101, kila kipande kinatiwa katika mtungi wake, na muda ukitimia wanazaliwa wana 100 na binti mmoja. Januari 2019, katika Kongamano la Sayansi la India lililofanyika Jalandhar, mkuu wa chuo kikuu kimoja alisimama na kusema kwamba hao walikuwa watoto waliotungwa kwa teknolojia ya maabara. Kabla yake, Oktoba 2014, Waziri Mkuu Narendra Modi alikuwa amewaambia madaktari mjini Mumbai kwamba kichwa cha tembo alichonacho mungu Ganesha ni dalili kwamba zama hizo palikuwa na mpasuaji wa kurekebisha maumbo.

Mimi nauliza swali la fundi tu. Samli ile iwe na joto kiasi gani? Kipande kinalishwa nini, na hewa kinaipata wapi? Hekaya haijibu, na si kosa lake, kwa maana haikutungwa ili ijibu hayo. Inasimulia kijicho cha mama aliyetanguliwa na mke wa shemeji yake, na ukoo uliozaliwa na balaa yake. Anayeigeuza kuwa taarifa ya maabara ameipunja kama fasihi, na sayansi nayo hakuiongezea kitu.

Kuhusu vimana, yaani vyombo vya kuruka, hali ni tofauti kidogo, kwa sababu hapo kipo kitabu kinachojidai kuwa cha kiufundi. Katika Ramayana, utenzi mwingine wa kale, Pushpaka ni chombo ambacho Ravana, mfalme wa majitu, alimnyang'anya nduguye Kubera, nacho huenda popote mwenyewe anapotaka kwa nguvu ya nia yake. Hakuna injini inayotajwa. Injini tunazikuta katika Vaimanika Shastra, maandishi yanayohusishwa na mwenye hekima Bharadwaja wa kale, lakini yaliyotolewa kwa imla na Pandit Subbaraya Shastry kati ya mwaka 1918 na 1923, wakati ndege za kweli zilikuwa zimekwisha kupigana vita Ulaya. Mwaka 1974 wataalamu watano wa Taasisi ya Sayansi ya India, Bangalore, waliyachunguza. Walikuta Kisanskriti chake, lugha ya kale ya India, ni cha siku hizi, michoro yake ni ya mtu aliyeona mashine za karne ya 20, na vyombo vinavyoelezwa humo haviwezi kuruka. Ningependa mzingatie kwamba uchunguzi huo ulifanywa na Wahindi wenyewe, nyumbani kwao.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo hasa limenileta. India ya kale ilikuwa na sayansi, na mara nyingine sayansi hiyo iligombana na hekaya waziwazi. Hekaya inasema kwamba jitu Rahu lilijipenyeza miongoni mwa miungu likanywa kinywaji cha kutokufa. Jua na Mwezi wakalichongea, mungu Vishnu akalikata kichwa, na tangu hapo kichwa hicho kisichokufa huwameza kwa kisasi, ndiko kupatwa kwa Jua na Mwezi, nao hutokea tena shingoni kwa kuwa tumbo halipo. Ni kisa kizuri mno. Mwanafalaki Aryabhata, aliyeandika mwaka 499 akiwa na umri wa miaka 23, alikiweka kando: Mwezi huliziba Jua, na kivuli cha Dunia huuziba Mwezi. Aliongeza kwamba ni Dunia inayozunguka kwenye mhimili wake, nasi tunaziona nyota zikienda magharibi kama vile mtu aliye chomboni aonavyo vitu vya ufukweni vikirudi nyuma. Mwanafalaki mwingine, Brahmagupta, katika kitabu chake cha mwaka 628, alimkaripia kwa kumkana Rahu, ilhali yeye mwenyewe alikokotoa kupatwa kwa njia ya vivuli. Mwanachuoni Mwislamu Al-Biruni, alipoyasoma hayo karne nne baadaye, alishuku kwamba Brahmagupta aliwahofu makuhani.

Wenye kalamu, andikeni. Aryabhata anasema: chukua 100, ongeza 4, zidisha kwa 8, ongeza 62,000, huo ni mzingo wa duara ambalo kipenyo chake ni 20,000, kwa kukadiria. Gawanyeni. Mmepata 3.1416, na hamkuhitaji kumwamini mtu.

Hata huo upasuaji wa kurekebisha maumbo ulikuwapo, ila si shingoni mwa Ganesha. Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha utabibu, inamwelekeza mganga achukue jani lenye ukubwa wa pua iliyokatwa, akate nyama ya shavu kwa kipimo cha jani hilo bila kuitenga kabisa na shavu, aishone penye pua, kisha atie vijibomba viwili ili mgonjwa apumue. Ufundi wa jamaa hiyo haukufa. Gazeti moja la London lilichapisha mwaka 1794 habari za Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyepigana nao, na jinsi fundi wa karibu na Pune alivyomtengenezea nyingine kwa ngozi ya paji la uso, baada ya kuipima kwa bamba jembamba la nta. Daktari Joseph Carpue alizifuatilia habari za njia hiyo, akajizoeza juu ya maiti, na mwaka 1814, mjini London, akampasua ofisa mmoja wa jeshi kwa kufuata hatua zile zile, naye akapata pua.