Chanjo kwa Mgonjwa wa MS: Swali Kubwa ni Lini

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie chanjo kwa watu wenye skilerosisi nyingi, ugonjwa ambao wengi wetu tumezoea kuuita MS, na hasa wale wanaotumia dawa za kushusha kinga ya mwili.

Naomba nianze na karatasi ya maabara, maana ndiyo inayowavunja watu moyo. Mgonjwa amechanjwa. Baada ya wiki kadhaa anapimwa damu, na majibu yanasema kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vimelea, hazikuonekana. Anaikunja karatasi na kuuliza: kwa hiyo nilichomwa sindano bure? Swali la pili linafuata hapohapo: basi niache dawa? Kwa yote mawili jibu langu ni hapana, na ningependa tuondoke hapa kila mmoja akijua sababu.

Katika MS, kinga ya mwili humgeukia mwenyewe. Hushambulia mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Dawa tulizonazo haziuondoi ugonjwa, bali huizuia kinga isiendelee kuharibu. Chanjo nayo inaitegemea kinga hiyohiyo: ikitambue kirusi au bakteria, ijifunze namna ya kupambana nacho, kisha ikumbuke. Ndiyo maana dawa na chanjo huvutana. Ila hazivutani kwa nguvu sawa, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Mtu anasikia "dawa za MS" akadhani zote ni mamoja.

Interferoni beta, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993, haiathiri sana mwitikio wa chanjo. Kama ndiyo dawa yako, chanjwa bila hofu. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu zaidi makundi mawili mengine.

La kwanza ni dawa zinazolenga seli B, aina mojawapo ya seli za kinga: okrelizumabu, ofatumumabu na rituksimabu. Seli B zina alama juu yake iitwayo CD20. Dawa hizi huishika alama hiyo, na seli B karibu zote hutoweka kwenye damu. Seli B ndizo zinazokomaa na kuwa seli za plazma, ambazo ni viwanda vya kingamwili. Ukimchanja mtu asiye na seli B, viwanda vipya havijengwi.

Kuna utafiti uliolipima jambo hili moja kwa moja, uitwao VELOCE, uliochapishwa mwaka 2020. Wagonjwa walichanjwa wiki 12 baada ya kupata okrelizumabu. Kwa chanjo ya pepopunda, wiki 8 baadaye, asilimia 23.9 tu walikuwa wameitikia, wakati kwa wagonjwa wasiotumia dawa hiyo ilikuwa asilimia 54.5. Tazameni namba ya kwanza kwa makini. Ni ndogo, lakini si sifuri.

Halafu kuna jambo ambalo natamani kila mgonjwa aambiwe siku anapopewa jina la dawa yake: seli za plazma zilizokwisha kukomaa hazina alama ya CD20. Dawa inazipita. Kingamwili ulizozijenga zamani kwa chanjo za utotoni, au kwa chanjo uliyopata kabla ya matibabu, kwa sehemu kubwa zinabaki. Kwa hiyo wiki chache kabla ya dripu ya kwanza zina thamani kubwa mno, nasi tunaziacha zipite kwa sababu kila mtu anafikiria ugonjwa tu. Maelekezo ya okrelizumabu ya Marekani yanataka chanjo zisizo hai zikamilike angalau wiki 2 kabla ya kuanza, na chanjo hai angalau wiki 4 kabla.

Kundi la pili ni fingolimodi na ndugu zake. Hizi haziui seli za kinga. Huzifungia ndani ya matezi ya limfu, kama askari waliozuiwa kambini huku adui akipita barabarani. Mwaka 2021 watafiti wa Israeli walipima damu ya wagonjwa wa MS mwezi mmoja baada ya dozi ya pili ya chanjo ya Pfizer dhidi ya UVIKO-19. Waliotumia okrelizumabu, asilimia 22.7 walikuwa na kingamwili za kutosha. Waliotumia fingolimodi, asilimia 3.8. Waliotumia kladribini, dawa nyingine ya MS, wote. Wasiotumia dawa yoyote, wote pia.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya maabara. Inapima kingamwili peke yake. Haipimi seli T, ambazo hutafuta seli zilizokwisha kuvamiwa na kirusi na kuziua. Mwaka huohuo wa 2021, watafiti wa Marekani waliwachunguza wagonjwa waliokuwa kwenye dawa za CD20 wakakuta seli T zimeitikia chanjo vizuri, hata pale kingamwili zilipokuwa hafifu au hazipo. Kinga hiyo haimtoshi mtu kujiachia, lakini ipo.

Na kuacha dawa? Okrelizumabu hupigwa kila baada ya miezi 6, lakini ukiiacha, seli B huchukua kwa kawaida wiki 72 hivi kurudi. Ni zaidi ya mwaka mzima unasubiri, huku MS haisubiri. Fingolimodi ni hatari zaidi: wapo walioiacha ghafla, ugonjwa ukarudi kwa kishindo, mkali kuliko ulivyokuwa mwanzo. Kinachowezekana ni kupanga tarehe. Aliye kwenye dripu za miezi 6, wataalamu wengi humchanja kuelekea mwisho wa mzunguko, wiki kadhaa kabla ya dripu inayofuata. Kukiwa na mlipuko wa ugonjwa, asingoje tarehe nzuri, achanjwe.

Wengine wanaogopa kwamba chanjo yenyewe itaamsha MS. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, wenye wagonjwa 643, haukuona chanjo ikiongeza hatari ya ugonjwa kurudi.

Tahadhari ya kweli iko kwenye chanjo hai, zile zenye kimelea kilichodhoofishwa: surua, homa ya manjano, tetekuwanga, BCG. Aliye kwenye dawa hizi kali hapewi. Mkanda wa jeshi una chanjo isiyo hai, dozi mbili, na hiyo anaweza kupewa.

Mwisho, kina mama. Dawa za CD20 zikitumika wakati wa ujauzito huweza kuvuka kondo la nyuma na kupunguza seli B za mtoto. Mtoto huyo akizaliwa anaonekana mzima kabisa, na muuguzi wa chanjo hana namna ya kujua. Mwambie jina la dawa na tarehe uliyoipata mara ya mwisho, kabla mtoto hajapewa chanjo hai yoyote. Chanjo hizo zingoje mpaka damu yake ipimwe na seli B zionekane zimerudi. Chanjo zisizo hai aendelee nazo kwa ratiba ya kawaida.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na dada wa pale nyuma.