Mgongo unauma kweli, ila haujavunjika

Asanteni kwa kuja, na wewe mwenye mgongo usione aibu kusimama au kutembea huko nyuma wakati naongea, tembea tu. Naona wengi mmekuja na bahasha zenu za picha za mgongo mlizopigwa hospitali, ziwekeni kwanza chini ya kiti.

Tukubaliane jambo moja kabla sijaendelea, humu ndani hakuna anayejifanya. Nikisema hofu na stresi vinakaza mgongo simaanishi unajitungia maumivu, na inaniuma sana nikisikia mtu ameambiwa "huna kitu, ni mawazo tu", anarudi nyumbani na maumivu yale yale na aibu juu yake. Maumivu yote hutengenezwa na ubongo, hata ya msumari. Mwaka 1995 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, liliandika habari za fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari wa sentimita 15 ukapenya kiatu, maumivu makali kiasi kwamba ukitikisika kidogo tu hawezi kuvumilia, wakampa dawa kali za kumtuliza ndo wakauchomoa. Kumvua kiatu, kumbe msumari ulipita katikati ya vidole, mguu hauna hata mchubuko! Yule kaka alikuwa anaumia kweli. Ubongo wake uliona hatari ukaleta maumivu.

Sasa turudi kwenye hizo bahasha. Umeambiwa pingili za uti wa mgongo zimesagika, diski, ule mto laini kati ya pingili, imetoka, na tangu siku hiyo unatembea kama umebeba mayai. Mwaka 1994 watafiti Marekani waliwapiga picha za MRI, zile zinazoonyesha ndani ya mwili, watu 98 wasio na maumivu ya mgongo kabisa, na zaidi ya nusu wakakutwa na diski iliyotokeza angalau sehemu moja. Na uchambuzi wa 2015, uliokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa, ulionyesha diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na asilimia 96 kwa wa miaka 80. Wasioumwa hao! Picha ina kazi yake, lakini haiwezi kukuambia peke yake kwa nini unaumwa.

Kinachotokea kwa wengi ni hivi, ulinyanyua ndoo mgongo ukakata, jeraha likapona baada ya wiki kadhaa, ila wewe bado unaogopa kuinama, unabana pumzi, unakaza kiuno na mabega mchana kutwa, msuli uliokazwa kutwa lazima uume, ukiuma unasema "si nilijua", unakaza tena. Weka juu yake kodi ya nyumba, ada za watoto, mgonjwa ndani. Mishipa ya fahamu inazoea kupiga kelele hata kwa kitu kidogo. Hebu jichunguze mgongo wako unakata zaidi siku gani, wengi wakinijibu kwa ukweli wananitajia siku za ugomvi au za madeni, sio siku za kazi nzito.

Na hali hii inabadilika. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder walichukua watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo, kundi moja likafundishwa kwa wiki 4 kuyaelewa maumivu kama kitu kisicho hatari na kuirudia mijongeo waliyoiogopa, mwishoni asilimia 66 walikuwa hawaumwi au wanaumwa kidogo sana. Waliobaki na matibabu yao ya kawaida ilikuwa asilimia 10. Matokeo yalitoka 2021. Ni utafiti mmoja na sio kila mtu atapona hivyo, ila mimi nauchukulia kwa uzito mkubwa.

Lakini nisikilizeni hapa vizuri. Ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kukushinda kuzuia, mguu kuishiwa nguvu, hiyo ni hospitali leo leo, usisubiri kesho. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda pia kapimwe, TB ya uti wa mgongo ipo huku kwetu na ina dawa. Vile vile kama ulianguka, ulipata ajali au umewahi kuugua kansa.

Mama pale ameuliza, je, afue nguo? Fua mama. Anza na nguo chache, achia taya na mabega, usibane pumzi ukiinama, badili mkao, leo ukichoka simama umalizie kesho. Ukiuma kidogo usiku usikimbilie kitandani kulala siku tatu, wiki ijayo ongeza shuka moja.