Viini Vinane, Mhudumu Mmoja

Wenye kunijua hapa Kisumu wameshachoka na wimbo huu. Leo nauimba tena. Ukienda kununua simu pale Oginga Odinga Street, muuzaji atakwambia ubongo wa simu una sehemu nane za kufanya kazi: "Hii ni okta-kori, bosi, viini vinane, haigandi." Kabla mwezi haujaisha imeganda. Wewe unamlaumu muuzaji. Mimi namlaumu aliyeandika programu, na wengi wao wamekaa humu ukumbini.

Programu ya Android ikifunguka hupewa uzi mmoja mkuu, yaani msururu mmoja wa maagizo yanayotekelezwa moja baada ya jingine. Huo ndio unaopokea mguso wa kidole na kupanga kinachoonekana kwenye kioo. Usipoanzisha nyuzi nyingine, kazi zako zote zinarundikana hapo, na uzi mmoja hauwezi kukimbia kwenye viini viwili kwa wakati mmoja.

Twendeni Dunga tukale. Jikoni kuna wapishi wanane, ndio viini; mhudumu mmoja, ndiye uzi mkuu. Umemwagiza ngege wa kukaanga. Badala ya kupeleka oda jikoni, anachomoa kisu na kuanza kumpaa samaki magamba mwenyewe, palepale mezani pako! Meza ya pili inaita, ya tatu inagonga sahani. Wapishi wamekunja mikono. Jameni, ukiajiri wapishi ishirini, utakula mapema?

Kioo cha kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani una milisekunde 16 hivi kwa kila mchoro. Fungua picha kubwa kwenye uzi mkuu, umeshachelewa. Mguso ukikosa jibu kwa sekunde 5, Android yenyewe humuuliza mtumiaji kama aifunge programu yako.

"Lakini mwalimu, si mfumo ndio unaogawa kazi?" Mfumo hugawa nyuzi ulizousokotea. Ambazo hukusokota mfumo utazitoa wapi?

Na msinirukie upande wa pili, nyuzi mia kwa kila kitufe. Hoja ya Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, ni ya 1967: nusu ya kazi ikiwa lazima ifuatane hatua kwa hatua, viini vinane havikupi hata kasi maradufu. Kahesabuni. Halafu viini vyenyewe havilingani. Tangu ARM, kampuni inayobuni vichakato vya simu, ilete mpangilio wa big.LITTLE mwaka 2011, kuna vikubwa vya kazi nzito na vidogo vya kuokoa betri... hayo tuyaache, mshika saa ananikodolea macho.

Fungueni laptopu. Lugha ya Kotlin, na korutini zake, yaani njia nyepesi ya kugawa kazi: hesabu nzito zipelekeni kundi la nyuzi liitwalo Dispatchers.Default, mtandao na faili Dispatchers.IO. Anayedai programu yake haigandi aje mbele, na aje na simu ya bei rahisi kabisa, si hiyo ya kuringia.