Mtemi Aliyekula Farasi Wake

Wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Asanteni.

Nilipoombwa kuzungumzia ukabaila wa Ulaya, nadhani mlitegemea Ufaransa. Leo twende Plovdiv, Bulgaria, mji ambao zamani ukiitwa Philippopolis.

Aprili 1204 wapiganaji wa Vita ya Nne ya Msalaba waliuteka Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji wa Wakristo wenzao. Wakamtawaza Baldwin wa Flanders kuwa kaizari, naye akaanza kugawa nchi. Ukabaila ndio huo: bwana anakupa ardhi, wewe unamlipa kwa upanga wako. Ila Baldwin aligawa hata visivyokuwa mkononi mwake. Louis wa Blois alipewa utemi wa Nikea, mji ulio Uturuki ya leo, akauawa vitani Adrianople (Edirne ya leo) mwaka uliofuata, Nikea yenyewe hajaikanyaga.

Philippopolis alipewa Renier wa Trit, kabaila wa Hainaut, jimbo jirani na Flanders. Huyu angalau alifika: safari ya siku tisa kutoka Konstantinopoli, na wapanda farasi wapatao 120. Wenyeji wakampokea vizuri, si kwa mapenzi, bali kwa kumwogopa Kaloyan, mfalme wa Bulgaria.

Mwanzoni mwa 1205 Wagiriki, wenyeji wa nchi hizo zilizotekwa, wakaasi. Sasa sikilizeni waliomkimbia mtemi wetu: mwanawe wa kumzaa, ndugu yake, na mkwewe, pamoja na wapanda farasi wapatao 30. Wagiriki wakawakamata njiani, wakawakabidhi kwa Kaloyan, akawakata vichwa. Wengine wapatao 80 nao wakaondoka. Renier akabaki na wasiozidi 15. Aliposikia kwamba Wapaulisi wa mjini, yaani Wakristo wa madhehebu yaliyohesabiwa kuwa ya uzushi, wanapanga kumkaribisha Kaloyan, akaitia moto mitaa yao, akajifungia katika ngome ya Stenimaka, juu ya mwamba.

Miezi 13! Utemi mzima umekuwa ngome moja, na chakula kilipokwisha wakala farasi. Kwa mpiganaji wa aina yake, farasi ndiye cheo chenyewe.



Katikati ya 1206 kikosi cha uokozi kilifika, na ndani yake alikuwemo Villehardouin, aliyetuandikia habari hizi. Renier alikiona akiwa juu ya ukuta, akadhani ni Wagiriki. Walipokutana wakamuuliza habari za Baldwin, aliyetekwa Adrianople. Akawaambia kaizari amefia kifungoni. Agosti 20 mdogo wake Baldwin, Henry, akavikwa taji. Utemi wa Philippopolis nao uliendelea chini ya wengine, ukamezwa na Wabulgaria baada ya 1230.