Malaika Alianza na Mkate

Bwana asifiwe. Tena asifiwe. Walio nyuma wasogee mbele, viti vipo, na mimi leo siombi sadaka.

Nimeombwa nizungumze juu ya tumaini kwa mtu aliyelemewa na maisha. Walionisikia Kondele na Nyalenda, mitaa yetu hapa Kisumu, wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwa Eliya, na kama mmemchoka mnivumilie, maana bado sijaona kama somo lenyewe limetuingia. Hali zenu sitazitaja. Kodi, karo, unga, mnazijua kuliko mimi.

Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Mtu huyu ametoka Karmeli, ameomba moto ukashuka, manabii 450 wa Baali wameaibika mbele ya taifa zima. Kisha malkia Yezebeli anatuma ujumbe mmoja wa vitisho, mmoja tu, na nabii anatoka mbio hadi Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake huko. Anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. "Yatosha," anasema. Nabii wa Mungu huyo, si mlevi wala mpagani.

Sasa niambieni, angeingia kwenye ushirika wetu wa Jumatano tungemfanyaje? Tungemwambia imani yake imepungua. Mmoja angemuuliza ni dhambi gani ameficha, mwingine angemwandikisha kesha la siku tatu, na bahasha juu yake.

Mungu alimtuma malaika. Malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Basi. Mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji karibu na kichwa chake. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Wala hakukemewa kwa kulala! Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale, maana safari hiyo ni kubwa mno kwake. Kasomeni wenyewe mkifika nyumbani, mniambie kama kuna mahali malaika aliuliza, "Imani yako iko wapi?" Maswali yalikuja kwenye mlima Horebu, siku 40 mbele, mtu akiwa ameshakula na kulala.

Kuna mzee hapo amenikunjia uso. "Mwalimu, unatuambia tuache maombi?" Hapana, mzee wangu. Eliya mwenyewe alikuwa anaomba chini ya ule mti. Ombi lake lilikuwa la kufa, Mungu akalisikia, akalikataa, akajibu kwa chakula. Ninachopinga ni kumtwika aliyelemewa mzigo mwingine, kisha tuuite wa kiroho. Na sisi Wakenya hatuna ruhusa ya kulifanyia mzaha jambo hili. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilianza kufukuliwa miili, ikapita 400, ya watu walioambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Na waliowaambia walikuwa wameshika Biblia hii hii.

Kuna mama anauza omena, dagaa wa ziwa letu, soko la Kibuye. Amenipa ruhusa nimseme, bila jina. Mnajua kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, na gorogoro lake linabaki tupu. Akakopa kwa simu, akakopa kwingine kulipa ule wa kwanza. Wanaocheka wanaujua mchezo huo. Alikuja kwenye maombi simu ameifunga kwenye leso, leso iko ndani ya pochi, na bado tulikuwa tunaisikia ikitetemeka juu ya benchi. Tukamwekea mikono. Tukakemea roho ya madeni kwa Kiswahili, kwa Dholuo, na kwa kunena kwa lugha. Roho haikutoka, maana ilikuwa na tarehe ya kulipwa.

Ndipo mama mwingine, ambaye hajawahi kushika maikrofoni hapa, akamuuliza, "Leo umekula nini?" Chai ya rangi, asubuhi. Akamchukua kwake, akamsongea ugali kwa sukuma, akamlaza kitandani, akawafukuza watoto wakacheze nje. Alilala hadi jioni. Alipoamka wakatafuta daftari la mtoto, wakaandika madeni yote, hata lile la jirani la mkebe wa unga alilokuwa akiona haya kulitaja. Chama chao cha kuchangiana kikamwachia zamu ya mtu mwingine ya kupokea pesa, mkopo mmoja ukafungwa. Mingine analipa mpaka leo. Sitawadanganya kwamba ilifutika kimuujiza. Lakini Jumapili iliyofuata aliimba, na mfukoni hakuwa na kitu.

Mtasema hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii, si injili. Haya, tumuulize Yesu. Yule aliyesema, "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo," baada ya kufufuka tunamkuta wapi? Yohana 21, ufukweni, ana makaa ya moto, samaki na mkate. Watu wa Dunga, ufuo huu wa wavuvi, hamhitaji kufafanuliwa: wavuvi wamekesha na nyavu tupu. Hakuanza na mahubiri. "Njoni mfungue kinywa," yaani, njoni mle chakula cha asubuhi. Na Petro alikuwa amemkana mara tatu! Swali la "wanipenda?" lilikuja walipokwisha kula. Utaratibu ni ule ule wa Eliya, na mimi nauona ni wa makusudi.

Mchungaji ananionyesha saa. Nilikuwa na Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani bila hata haleluya moja, kwa wale wanaodhani kulia ni kukosa imani. Kaisomeni. Wagalatia 6, mstari wa 2 na wa 5, tutasoma mwezi ujao.

Hili moja halingoji. Mtu akikwambia "yatosha" kama Eliya, usimjibu kwa mstari. Kaa naye, mle, kisha mwende pamoja hospitali, hata pale Russia, hospitali ya rufaa ya Jaramogi. Kumpeleka kwa daktari hakumwondoi Mungu kazini. Mwanzoni mwa 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Mahakama imeona hivyo, na humu kanisani bado kuna wanaogoma hata kumzika aliyejiua. Hilo nitalisema nikirudi, na sitalisema kwa upole. Mchungaji, chukua maikrofoni yako.