Mkubwa wa Redio Asiyesikiliza Redio

(Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya watangazaji na waandishi vijana)

Assalaamu alaykum. Wazee wangu mulioko mbele, shikamooni. Na nyinyi wanangu wa nyuma, ambao munadhani siwaoni munavyochezea simu, hamjambo.

Jana nimeteremka Mkoani, nikapanda gari ya kuja huku Chake. Dereva kafungulia redio. Sitaitaja ni ya nani, maana huenda wenyewe mumo humu. Ikapigwa kasida, ikaisha, tukangoja mtangazaji aseme. Hakusema. Tukasikia feni, tukasikia kiti kinaburutwa, kisha watu wawili wanagombana nani hajalipa pesa ya chapati. Maikrofoni ilikuwa wazi. Abiria walicheka mpaka bibi mmoja akashika ubavu. Mimi nilicheka pia, halafu nikaanza kuhesabu. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita, ya tatu. Ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu nilielewa kuwa hakuna mtu aliyepiga simu studio. Mkubwa wa kituo kile alikuwa hasikilizi redio yake. Wala msaidizi wake. Wala fundi mitambo.

Mulionialika muliniandikia nije niseme sifa za kiongozi bora katika utangazaji wa habari. Nilijua munataka orodha: awe mwadilifu, awe mbunifu, awe na maono. Orodha hiyo munaweza kuiandika wenyewe kabla chai haijapoa. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa watano, na baadaye nikawa mkubwa mwenyewe, tena si mzuri sana miaka ya mwanzo. Wale watano walitofautiana kwa kila kitu. Mmoja alikuwa mkali, mmoja mpole kupita kiasi, mmoja hajui kompyuta hata kidogo. Lakini waliofaa na wasiofaa niliwatenga kwa jambo moja tu: nani alikuwa anasikiliza.

Nitawapa kisa. Munajua matangazo ya vifo yalivyo kwetu. Mtu anaweza kuzima taarifa ya habari, lakini matangazo ya vifo nyumba nzima inanyamaza, hata mtoto anaambiwa ashushe kijiko. Siku hiyo ililetwa karatasi getini, imeandikwa kwa mkono: marehemu fulani wa kijiji fulani, maziko baada ya sala ya adhuhuri, na chini kabisa jina la aliyeleta taarifa, mwanawe. Majina yetu nayo ni yale yale. Juma Khamis kamzaa Khamis Juma, na Khamis Juma kamzaa Juma Khamis. Kijana wetu akasoma la chini. Akamzika mtu mzima aliye hai, mbele ya Unguja na Pemba yote.

Mkubwa wetu alikuwa nyumbani anakula. Alisikia. Alisikia kwa sababu ilikuwa ada yake kula na redio, na alikuwa ameiona ile karatasi mchana. Hakutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe, mkono wa kulia bado una harufu ya mchuzi, akamwambia kijana ainuke, akakaa yeye kwenye kiti. Akasahihisha kwa sauti yake, akataja jina lake mwenyewe na cheo chake, akaomba radhi, akarudia baada ya robo saa na tena baada ya robo saa nyingine. Hakusema “hitilafu za kiufundi”. Wanangu, maneno hayo yamefukia aibu nyingi katika vituo vyetu, na msikilizaji anajua.

Shangazi yake yule aliyezikwa akiwa hai alikuwa huku Pemba, ameshafunga mkoba kwenda kupanda boti.

Kesho yake ukatoka utaratibu: tangazo la kifo lisipokelewe mpaka msomaji alisome kwa sauti mbele ya aliyelileta, naye aitikie jina kwa jina. Inachukua dakika mbili, tatu. Haikutokea tena nilipokuwa pale. Lakini msidhani namsifu kwa kila kitu. Yule kijana alimtoa hewani mwezi mzima, na mimi mpaka leo naona alionewa. Aliyepokea karatasi mbovu getini hakuulizwa neno.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Mwaka 2012 BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, ilipata Mkurugenzi Mkuu mpya, George Entwistle, mtu aliyekulia humo humo katika kutengeneza vipindi. Tarehe 2 Novemba kipindi chao cha televisheni, Newsnight, kikarusha habari ya unyanyasaji wa watoto iliyomwelekea mwanasiasa mmoja. Hawakumtaja jina, lakini mitandaoni watu walimtaja, na ikaja kubainika kuwa siye. Tarehe 10 asubuhi mkurugenzi huyo akakaa mbele ya John Humphrys, mtangazaji wa redio ya shirika lake mwenyewe, akaulizwa hewani moja kwa moja. Ulikiona kipindi? Hakukiona usiku ule, alikuwa na shughuli nyingine. Hukuambiwa kabla? Hakuambiwa. Jioni ile ile akajiuzulu. Siku 54 tu tangu ashike ofisi.

Watu hutoa mafunzo mengi katika mkasa huo. Mimi nachukua mawili. Moja ni hilo la kutosikiliza, na linaniuma zaidi kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ngazi nyingi mno kati yake na studio. La pili ni yule Humphrys. Hebu fikirini, mfanyakazi anambana mkuu wake hewani, nchi nzima inasikia, kisha anarudi kazini kama kawaida. Hapa kwetu (naona munacheka) ungerudi kazini wewe? Lakini kituo ambacho mdogo hawezi kumwambia mkubwa “hili si sawa” ndicho kituo ambacho mkubwa haambiwi kitu. Masikio yake yanazibwa na woga wa waliomzunguka, na mara nyingi woga huo kaupanda mwenyewe.

Nina jambo jingine, na kulisema nikiwa Pemba si rahisi. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, kaskazini ya Unguja, ikija huku. Uwezo wake ulikuwa abiria mia sita na kitu, na waliopanda walizidi sana. Sitaeleza zaidi, kwani ninyi ndio wenye msiba. Nitasema tu yaliyotokea katika chumba chetu cha habari.

Simu zilikuwa hazinyamazi. Mmoja anasema fulani kaokolewa, kaonekana ufukweni. Mwengine anasema huyo huyo maiti yake imepita. Kila mmoja anataka isemwe hewani. Orodha ya abiria haikuwa ya kutegemewa. Idadi zinakuja kutoka kila upande, na vijana wetu wana hamu ya kuwa wa kwanza, na hamu hiyo si dhambi, ndiyo kazi yenyewe. Mhariri wetu akatoa madaftari mawili. Moja akaandika juu: AMEONA. La pili: AMESIKIA. Kila anayepokea simu aulize kwanza swali hilo, wewe umeona kwa macho yako au umesikia? Kufika mchana daftari la AMESIKIA limejaa, karatasi zinabandikwa nyuma. La AMEONA lilikuwa na kurasa nne.

Tulisoma kutoka zile nne.

Tulilaumiwa. Watu walisema kituo kimelala, wengine wameshatangaza mamia na sisi tunasema “maiti zilizopokelewa mpaka sasa ni kadhaa”. Mhariri alisikiliza lawama zote kwenye simu yake mwenyewe, hakuna hata moja iliyofika kwa msomaji. Maiti zilizohesabiwa zikaja kuwa 203, na baadaye tume ikasema waliopotea ni zaidi ya elfu moja. Kwa hiyo waliotaja idadi kubwa hawakuwa mbali na ukweli kwa jumla. Lakini mama aliyekaa Wete siku ile hakuwa anauliza jumla. Alikuwa anauliza jina moja.

Hilo la simu niliguse kidogo. Redio inapigiwa simu na kila mtu: mwenye tangazo la biashara, mwenye cheo, sheha, shemeji wa mwenye cheo. Simu hiyo ikimfikia mtangazaji akiwa zamu, jioni hiyo atasoma huku anatetemeka. Mkubwa afanye wazi kuwa malalamiko yote ni yake, na kisha akipigiwa aweze kujibu, kwa sababu alisikia kilichorushwa. Asiyesikia atasema nini? Ataomba msamaha kwa kitu asichokijua, au atamfukuza mtu.

Kuhusu pesa nitasema sentensi mbili. Mkubwa anayekataza waandishi kupokea bahasha za pesa kwenye mikutano huku mishahara ina miezi mitatu haijatoka anacheza na watu. Na anayelipa kwa wakati kisha akanyamazia bahasha, huyo ni mbaya zaidi.

Na lugha. Wakubwa wa zamani wa tasnia hii walioanza na redio ya Sauti ya Unguja mwaka 1951 walirithi Kiswahili cha Unguja kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu Afrika Mashariki nzima. Leo kijana kazaliwa Micheweni, akishika maikrofoni anaongea kama kazaliwa Kinondoni, Dar es Salaam. Simlaumu, anaiga anachodhani ndicho kinachopendwa, na hakuna aliyemwambia sauti yake ya nyumbani inatosha. Wa kumwambia ni yule anayemsikiliza kila siku. Kuna redio ya jamii hapo Micheweni. Mvuvi akizungumza humo unasikia mvuvi, unasikia na bahari yake. Nawaonea wivu.

Munaniuliza kwa macho, basi mkubwa asikilize saa ngapi, ana vikao, ana barua? Mimi nilijiwekea matangazo ya vifo kila siku, taarifa moja kamili, na nusu saa ya kipindi nisichokipenda. Hicho cha mwisho ndicho kilichonifunza. Kilikuwa cha mpira. Nilikuja kugundua kuwa mtangazaji wake ndiye aliyekuwa anauliza maswali makali kuliko wote kituoni, na mimi nilikuwa nimemweka uwanjani miaka miwili.

Kwa saa yangu imebaki dakika moja kufika saa tano, na kuna kituo chenu kimoja kina habari kwa ufupi saa hizi. Nani ana redio kwenye simu? Iweke hapa kwenye maikrofoni, mwanangu. Tusikilize kwanza, maswali baadaye.