Kidari cha Chumvi: Kukilainisha Nyumbani na Kukipatia Mchuzi Usio na Unga

Hamjambo nyote. Walio nyuma wasogee mbele, maana kuna kitu nitawaonyesha kwa kisu, na ukiwa mbali hutakiona.

Leo tunapika kidari cha chumvi, yaani nyama ya kifua cha ng'ombe, na mchuzi wenye wanga kidogo. Tuanze na jina lake la Kiingereza, kwa sababu linapotosha. Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam au Nairobi «corned beef», anawaza kopo. Ana haki. Kopo hilo lilitengenezwa miaka mingi na Tanganyika Packers pale Kawe, na kwa upande wa Kenya hutoka Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka 1950 na lenye kiwanda Athi River. Lakini nyama ya kopo imeshapikwa, ikavunjwavunjwa na kushindiliwa. Huwezi kuilainisha zaidi ya hapo, labda uikaange na kitunguu. Ninayoizungumzia leo ni pande zima la ng'ombe lililolala kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, kisha likachemshwa polepole mpaka likatike kwa uma. Neno «corn» katika Kiingereza cha zamani lilikuwa na maana ya punje, na punje zenyewe ni za chumvi ya mawe. Mahindi hayamo. Bandari ya Cork, Ireland, ilisafirisha nyama hii kwa shehena katika karne ya 18, ingawa Waireland wa kawaida walikula zaidi nguruwe. Waliohamia New York ndio waliozoea kununua kidari kutoka kwa wachinjaji wa Kiyahudi, na hapo ndipo sahani ya nyama hii na kabichi ilipopata umaarufu wake.

Sasa bucha. Omba kidari, sehemu ya kifua. Kisiwe steki, kisiwe mapaja. Watu hushangaa: kwa nini nichukue nyama ngumu nikitaka ulaini? Kifua cha ng'ombe hubeba uzito wake mchana kutwa, kwa hiyo kimejaa kolajeni, zile tishu nyeupe zinazofunga nyama. Kolajeni ikikaa kwenye joto na maji kwa saa nyingi hugeuka jelatini. Mnaijua: ndiyo inayofanya supu ya makongoro inate midomoni. Steki haina kolajeni ya kutosha, na ukiichemsha saa tatu utapata kitu kikavu kama kamba ya katani.

Chagua pande la kilo 2, unene wa sentimita 5 hivi, lenye tabaka la mafuta la nusu sentimita upande mmoja. Usikubali likatwekatwe. Na mjue kwamba ng'ombe wetu wa malisho, mara nyingi wakubwa kwa umri, wana kolajeni iliyokomaa na yenye kushikana zaidi. Saa tatu zilizoandikwa kwenye mapishi ya Marekani zinaweza kuwa nne au zaidi kwako. Si kwamba umekosea.

Maji ya chumvi. Hapa ninawaomba mizani ya jikoni, si vijiko. Kijiko kikubwa cha chumvi laini kina kama gramu 18, lakini cha chumvi ya mawe kina pungufu, kwa sababu kati ya punje kuna hewa. Ukipima kwa kijiko, wiki hii nyama itakuwa nzuri, wiki ijayo hailiki. Hesabu ninayoipendelea ni hii: pima nyama na maji kwa pamoja, kisha weka chumvi asilimia 2.5 ya jumla. Nyama kilo 2, maji lita 2, jumla kilo 4, chumvi gramu 100. Faida yake ni kwamba chumvi ya ndani na ya nje hatimaye husawazika, na ukichelewa siku moja hakiharibiki kitu. Wanaotumia maji makali ya chumvi hulazimika kuviziavizia saa.

Chemsha nusu ya maji hayo pamoja na chumvi, kijiko kikubwa kimoja cha pilipili manga nzima, kingine cha mbegu za giligilani, vijiko viwili vidogo vya mbegu za haradali, karafuu sita, kijiti cha mdalasini na punje sita za kitunguu saumu zilizopondwa. Ongeza nusu ya maji iliyobaki, ikiwa baridi. Acha yapoe kabisa. Kuzamisha nyama kwenye maji ya vuguvugu ni kuwaalika bakteria karamuni. Tumia chombo cha plastiki ya chakula au kioo, si sufuria ya alumini, kwa sababu chumvi huila. Kandamiza nyama kwa sahani isielee, weka kwenye friji chini ya digrii 4, siku 7, ukiigeuza kila siku. Ikiwa umeme wenu unakatika saa nyingi, msifanye kazi hii wiki hiyo.

Kuhusu rangi. Ile rangi ya waridi ya nyama za dukani hutokana na naitraiti, kemikali ya kuhifadhia nyama, ambayo pia huzuia bakteria wa sumu kali. Huuzwa ikiwa imechanganywa na chumvi, naitraiti asilimia 6.25, na kwa hesabu yetu ya kilo 4 inahitajika gramu 10 tu za mchanganyiko huo, huku chumvi ya kawaida ikishuka kuwa gramu 90. Ikizidi ni sumu, nasema wazi. Na kuna mtego: hupakwa rangi ya pinki ili isichanganywe na chumvi ya mezani, halafu madukani pia kuna chumvi ya Himalaya ambayo nayo ni ya pinki. Ile ya Himalaya ni chumvi tu, haina kazi hii. Wala magadi si mbadala: magadi hulainisha nyama kweli, lakini huiachia ladha ya sabuni na hayahifadhi chochote. Maoni yangu ni kwamba nyumbani uache naitraiti. Nyama itakuwa ya kijivu ikiiva, kama wanavyoila watu wa Boston na eneo lote la New England, na ladha ya viungo iko palepale. Sukari iliyomo kwenye mapishi mengi nayo iache. Haina kazi ya lazima, na sisi leo tunahesabu wanga.

Ukinunua pande lililokwisha kutiwa chumvi dukani, loweka kwenye maji baridi saa moja, kata kipande chembamba pembeni, kichemshe dakika chache, onja. Kikiwa kikali, badili maji, rudia. Kionjo hicho kidogo kitakuokoa na chungu kizima cha aibu mbele ya wageni.

Sasa jikoni. Suuza nyama, iweke kwenye sufuria nzito, upande wa mafuta juu, maji mapya baridi yaipite kwa vidole viwili. Pandisha moto, engua povu, kisha shusha. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji yasichemke kwa kishindo. Nataka digrii 85 hadi 95: uso wa maji unatikisika, kiputo kimoja kimoja kinapanda pembeni, na mfuniko ukiachwa wazi kidogo. Kwenye jiko la mkaa, ondoa makaa mawili matatu na funika yaliyobaki kwa majivu.

Kwa nini? Nyama ina mambo mawili yanayokwenda kwa mwendo tofauti. Nyuzinyuzi zake hujikunja na kukamua maji kuanzia digrii 60 hivi, na hufanya hivyo haraka. Kolajeni huyeyuka kwa uvivu, saa baada ya saa. Kwa hiyo kuna kipindi, kama saa moja hadi mbili toka uanze, ambapo nyama ni ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi. Mpishi huchoma uma, huona mpira, huongeza moto. Moto ule haumsaidii: nyuzinyuzi hukamuliwa zaidi kabla kolajeni haijafika. Mwingine huiepua akisema bucha imemwibia. Muda ndio uliokuwa unatakiwa. Kilo 2 huchukua saa tatu na nusu hadi nne.

Kipimo cha kuiva ni uma, si saa. Choma katikati, vuta. Uma ukitoka bila kuinua nyama, tayari. Walio nyanda za juu na wana kipimajoto wasikitegemee mno. Pwani maji huchemka digrii 100, Nairobi ni kama digrii 94, kwa hiyo mpishi wa Nairobi akingoja nyama ifike 95 kama kitabu kilivyosema, atangoja mpaka gesi iishe. Aongeze muda tu.

Kwenye sufuria ya presha, dakika 75 toka ianze kupiga mluzi, kisha uache presha ishuke yenyewe. Ukiifungulia mvuke ghafla, maji yaliyomo ndani ya nyama huchemka papo hapo na kutoka, nayo hubaki makapi.

Sogeeni sasa mwone. Hili pande limepumzika nusu saa ndani ya maji yaliyolipikia. Angalieni mistari hii: huku inakwenda kushoto kulia, lakini hapa juu inakwenda mshazari. Kidari ni misuli miwili iliyolaliana, na katikati yake kuna mkanda wa mafuta. Naingiza kisu kwenye mkanda huo, navitenganisha, bila nguvu. Kisha nakata kila kimoja kwa kupinga mistari yake, unene wa penseli. Hiki nilichokata kwa kupinga kinajiachia kwenye sahani. Hiki kingine nimekikata kwa makusudi kufuata mistari: nyama ileile, sufuria ileile, na kinatafunika kama uzi. Nyama ikiiva mistari huonekana kwa shida, basi kabla ya kupika kata kona moja ndogo ikuonyeshe pa kuanzia.

Tuje kwenye mchuzi. Kawaida nyama hii hutiwa mchuzi mweupe wa siagi, maziwa na unga wa ngano. Gramu 30 za unga zina wanga kama gramu 22, na hapo hujagusa viazi. Sisi tutapata uzito kutoka kwa krimu na kiini cha yai.

Weka vijiko viwili vikubwa vya unga wa haradali kwenye bakuli, tia maji baridi vijiko vitatu, koroga, subiri dakika 10. Maji yawe baridi, kwa sababu ukali wa haradali huzaliwa na kimeng'enya kinachoamka kikilowa, na maji ya moto hukiua. Baada ya dakika 10 tia kijiko kidogo cha siki ili ukali ubaki. Kwenye sufuria ndogo, chemsha mililita 200 za krimu nzito kwa moto mdogo mpaka ibaki robo tatu. Ongeza vijiko vitatu vikubwa vya maji yaliyopikia nyama. Vitatu tu! Kuna anayemimina upawa mzima, halafu anashangaa mchuzi una chumvi kama bahari. Piga viini viwili, vimiminie krimu ya moto kidogo kidogo huku unakoroga, kisha rudisha vyote sufuriani. Koroga kwa mwiko bila kuchoka. Ukipitisha kidole mgongoni mwa mwiko na njia ikabaki, epua. Mwisho kabisa, nje ya moto, tia haradali, pilipili manga na ndimu. Haradali ikichemka hupoa ukali. Chumvi usiongeze.

Mchuzi huu unatosha watu sita, na kila mmoja anapata wanga chini ya gramu 2. Asiyekula maziwa atumie tui la kwanza, mililita 250, lililokamuliwa kwa nazi mbichi. Tui la pakiti lisomwe maandishi, maana mengine yametiwa wanga wa kuzidishia uzito. Likoroge muda wote lisikatike. Nimeulizwa pia juu ya unga wa gundi ya zanthani, unaotumika kuzidishia mchuzi uzito: robo ya kijiko kidogo inatosha kikombe kizima, na ukizidisha utakula mlenda.

Pembeni weka kabichi iliyokatwa robo, kitovu kikiachwa ili majani yasisambae, dakika 12 kwenye nusu maji na nusu maji yaliyopikia nyama. Sukuma wiki inafaa vilevile.

Neno moja kwa wenye presha: wanga kidogo haina maana ya chumvi kidogo. Na nyama zilizosindikwa ziliwekwa mwaka 2015 na wakala wa saratani wa WHO, Shirika la Afya Duniani, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Hiki ni chakula cha mara mojamoja. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asipunguze wanga ghafla bila kuzungumza na daktari wake, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Naona mkono pale. Mama anauliza: mchuzi ukikatika na kufanya chembechembe, umwagwe? Hapana, mama. Epua mara moja, tia kijiko kikubwa cha krimu ya baridi, upige kwa nguvu, kisha uchuje. Chembechembe zikiwa kubwa kama mayai ya kukoroga, hapo viini vimeiva, havirudi. Chuja, chemsha tena kile chepesi kwa moto mdogo kipungue, uanze na kiini kimoja kipya.

Na wa mwisho, kijana wa shati jeupe: nyama iliyobaki ikae vipi? Usiikate. Ihifadhi pande zima ndani ya maji yake, friji, siku tatu hadi nne. Kesho kata vipande ikiwa baridi, vitakatika vyembamba bila kuvunjika, kisha uvipashe ndani ya maji hayo yaliyopikia nyama, si kwenye kikaango kikavu.